Vifaa vya kumfundisha mtoto mchanga lugha: kipi kinafaa na kipi kinamnyamazisha mlezi

Maboksi ya vifaa hivi hayatofautiani sana. Mbele kuna picha ya mtoto anayecheka, pembeni mchoro wa ubongo uliopakwa rangi, na chini ahadi kwamba mtoto wa miezi sita ataanza kutambua maneno, namba na hata herufi. Hapa tunapitia makundi matano ya vifaa hivyo: midoli inayoongea, video za watoto wachanga, kadi za maneno, vitabu vya kurasa ngumu, na zana za kupima maendeleo ya lugha. Vyote vimepimwa kwa swali moja. Kifaa kikishawekwa mbele ya mtoto, mtu mzima aliye karibu huongea zaidi au hunyamaza?

Swali hilo linatokana na kile ambacho mtoto anakiweza kabla hajanunuliwa chochote. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake walionyesha kuwa watoto wa mwezi 1 na wa miezi 4 wanatofautisha "ba" na "pa". Mtoto alipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na mtambo. Sauti moja ikirudiwa, kasi ya kunyonya hushuka kwa kuzoea, na sauti ikibadilika, kasi hupanda. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walikuta watoto wenye umri wa siku chache tu wakibadili mpangilio wa kunyonya kwao ili wasikie sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo kifaa kinachodai "kuamsha" uwezo wa mtoto kusikia lugha kinauza kitu ambacho mtoto alizaliwa nacho.

Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mkondo wa silabi zisizo na maana. Sauti ilikuwa ya mashine, bila kituo wala mkazo, na ilidumu dakika 2 tu. Ndani ya kila "neno" la bandia, silabi moja ilifuatwa na silabi fulani ya pili kila mara. Kwenye mpaka wa neno na neno, silabi ya mwisho ilifuatwa na silabi fulani mara moja tu kati ya tatu. Baada ya dakika hizo 2 watoto walisikiliza kwa namna tofauti mfululizo uliokuwa neno na ule uliovuka mpaka. Walikuwa wamekata mkondo vipande kwa kufuata tu silabi ipi huandamana na ipi.

Chukua mfano wa Kiswahili. Mama akisema "letakikombe", kisha "kikombechakohiki", kisha "kikombekimeanguka", mtoto hasikii nafasi tunazoziacha tunapoandika. Anachosikia ni kwamba ki-ko-mbe huja pamoja kila mara, na baada ya "mbe" huja lolote: cha, ki, au kimya. Huo ndio ukingo wa neno. Wakati huohuo anasikia "ki" ya kikombe ikijirudia kwenye kimeanguka na "ki" nyingine kwenye hiki, na ndipo upatanisho wa ngeli unapoanza kuzoeleka masikioni, miaka kabla ya mwalimu kuutaja. Mkazo nao husaidia, kwa kuwa katika Kiswahili karibu kila mara unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyesikia sentensi nyingi za kawaida amepata yote hayo. Aliyesikia neno moja mojamoja, limekatwa na kutengwa, amepata kipande tu.

Jambo la pili ni la wakati. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka familia za Kiingereza walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hushindwa kuzitenganisha, lakini kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio hujipanga kwa lugha iliyopo. Watengenezaji wa midoli wameipenda sana habari hii, na ndiyo sababu ya kitufe cha "lugha tano" kwenye vifaa vingi. Wanachoacha kusema ni matokeo ya Patricia Kuhl na wenzake ya mwaka 2003. Watoto wa Marekani wa miezi 9 walipata vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin, kila kimoja cha dakika kama 25. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa watu walewale na vitabu vilevile kwenye DVD, au waliosikilizishwa sauti peke yake, hawakuwa na tofauti na wenzao ambao hawakusikia Mandarin kabisa. Sikio linachambua lenyewe, ila linachagua chanzo.

Midoli inayoongea

Hili ndilo kundi linalonunuliwa zaidi kama zawadi, na ndilo lenye kasoro nyingi zaidi.

Anna Sosa alichapisha mwaka 2016 utafiti uliofanyika majumbani kwa wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Kila jozi ilicheza kwa zamu na vitu vya kielektroniki, vitu vya kawaida vya kuchezea, na vitabu, huku sauti zikirekodiwa. Kwa wastani mzazi alisema maneno kama 40 kwa dakika kifaa cha kielektroniki kilipokuwepo, 56 kwa vitu vya kawaida, na 67 kwa vitabu. Kupokezana mazungumzo kulipungua pia, na hata watoto walitoa sauti chache zaidi kuliko walipokuwa na vitabu. Sampuli ni ndogo, lakini sababu inaonekana kwa macho kwa yeyote atakayemtazama mlezi akiwa na kifaa hicho. Kifaa kikianza kuimba, mtu mzima hukipisha, kama anavyompisha mgeni anayezungumza.

Ukiwa dukani, bonyeza kitufe kimoja mara tatu haraka. Midoli mingi hukata neno na kulianza upya: "kiko—kiko—kikombe". Mtoto wa miezi 8 hubonyeza hivyo hasa, kwa hiyo anachokisikia zaidi ni silabi mbili za mwanzo zikifuatwa na zenyewe. Umekwisha kuona kwamba silabi ipi huandamana na ipi ndiyo malighafi yake, na hapa malighafi hiyo imevurugwa. Kifaa kizuri humaliza neno kwanza, ndipo kikubali kitufe kingine.

Halafu sikiliza sauti yenyewe. Spika ndogo ya plastiki hupoteza masafa ya juu, na huko ndiko zinakokaa s, sh, f na th. Neno "samaki" likisikika kama "hamaki", au "shati" na "sati" zikawa kitu kimoja, kiache. Midoli inayodai kuzungumza Kiswahili mara nyingi hutumia sauti ya kompyuta, na makosa yake yanajulikana: mkazo kwenye silabi ya kwanza, ng' inayotamkwa ng, dh inayogeuka z au d. Mtu mzima hurekebisha kichwani bila kujijua. Mtoto hana cha kurekebishia.

Yaliyobaki ni usalama, na hapo hakuna mjadala. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu, hasa zikiwa zile betri bapa za mviringo kama sarafu. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kipande chochote kinachoweza kubanduka na kuingia chote kwenye silinda ya majaribio yenye kipenyo cha milimita 31.7 hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Tafuta pia swichi ya kuzima sauti kabisa, si ya kupunguza tu.

Je, kitupwe kilichokwisha nunuliwa? Hapana. Toa betri. Mdoli uliokuwa unasema "gari! gari!" ukinyamaza unakuwa gari la kawaida, na mlezi ndiye atakayelazimika kusema linakwenda wapi.

Video na programu za simu

Judy DeLoache na wenzake walifanya jaribio safi mwaka 2010. Watoto wa miezi 12 hadi 18 waligawanywa makundi kwa muda wa wiki 4. Wengine walitazama video maarufu ya kufundisha maneno, wengine wakaitazama pamoja na mzazi, wengine hawakuitazama, na kundi la mwisho wazazi walipewa orodha ya maneno yaleyale wayafundishe kwa namna yao katika shughuli za kila siku, bila video. Watazamaji hawakujua maneno zaidi ya wasiotazama. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliofundishwa na wazazi. Lipo jambo lingine dogo kwenye matokeo hayo ambalo lina uzito kwa mnunuzi: wazazi walioipenda video ndio waliodhani mtoto wao amejifunza mengi kutokana nayo. Weka hilo akilini unaposoma maoni ya nyota tano.

Kinachokosekana kwenye video ni majibu ya papo kwa papo. Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walilinganisha mwaka 2014 mafunzo ya vitenzi vipya kwa watoto wa miezi 24 hadi 30: ana kwa ana, kwa simu ya video, na kwa video ya mtu aliyerekodiwa akizungumza na mtoto mwingine. Ana kwa ana na simu ya video zilifaulu. Rekodi haikufaulu. Skrini ni ileile, tofauti ni kwamba aliye upande wa pili anamjibu huyu mtoto, sasa hivi. Ndiyo maana simu ya video na bibi aliye mbali haiingii kwenye kapu moja na katuni. Mtandao ukichelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, hata hivyo, faida hiyo hupotea. Hapo mtu mzima aliye na mtoto ajaze pengo kwa kurudia alichosema bibi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, wala kukaa kutazama skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Programu za simu zenye "michezo ya silabi" zimo humohumo. Hatuoni hata moja ya kulipia kwa mtoto wa chini ya miezi 18.

Runinga inayowaka bila mtazamaji nayo ina gharama yake. Brianna McMillan na Jenny Saffran walikuta mwaka 2016 kuwa watoto wa karibu miaka 2 walijifunza maneno mapya mazungumzo ya nyuma yakiwa ya chini, lakini yalipopandishwa sauti walishindwa. Kuizima ni bure.

Kadi za maneno na "kusoma" kabla ya mwaka

Kwa kifupi: okoa fedha. Susan Neuman na wenzake waliwafuatilia mwaka 2014 watoto 117 wa miezi 9 hadi 18 waliopewa au kutopewa mfumo wa kufundisha kusoma wenye DVD, kadi na vitabu, kwa miezi 7. Katika vipimo 13 kati ya 14 hapakuwa na tofauti. Cha 14 kilikuwa imani ya wazazi kwamba mtoto anasoma.

Kosa la kadi ni mwendo. Maelekezo ya mifumo mingi yanataka kadi ipite kwa sekunde moja au mbili, na kwa mwendo huo mtoto hana nafasi ya kutazama, kutoa sauti na kujibiwa. Kama unazo, chagua nne zenye picha ya vitu vilivyomo nyumbani, weka kimoja cha vitu hivyo kando ya kadi yake, na ngoja mtoto achague. Kadi za ishara za mikono ni habari tofauti kidogo. Elizabeth Kirk na wenzake, mwaka 2013, hawakuona ziliharakisha lugha kwa watoto 40 waliofuatiliwa kuanzia miezi 8 hadi 20, lakini mama waliozitumia walikuwa wepesi zaidi kuitikia ishara za watoto wao. Hazidhuru, na zikikufanya umtazame mtoto, zimefanya kazi.

Vitabu vya kurasa ngumu

Hapa ndipo fedha ziende. Kati ya vitu vitatu vya utafiti wa Sosa, kitabu ndicho kilichomfanya mtu mzima aongee zaidi, na hakina betri.

Si vyote vinafaa sawa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12 chagua kurasa sita hadi kumi, nene kiasi kwamba kidole chake kinaweza kufunua moja bila kubeba tatu, pembe zilizokatwa mviringo, na gundi isiyobanduka ikilowa mate, kwa sababu italowa. Kila ukurasa uwe na kitu kimoja au viwili, si soko zima. Picha halisi hushinda michoro ya vikaragosi: Patricia Ganea na wenzake walionyesha mwaka 2008 kuwa watoto wa miezi 15 hadi 18 huhamisha jina kutoka kitabuni kwenda kwenye kitu chenyewe kwa urahisi zaidi picha inapofanana na kitu. Vitabu vyenye vipande vya kuvuta na kufunua vinauzwa ghali zaidi na huonekana vya maana zaidi, lakini utafiti wa kundi hilohilo la watafiti wa mwaka 2010 ulikuta vinapunguza kile mtoto anachojifunza. Mkono unacheza na mlango, picha inasahaulika. Kwa kujifunza maneno, kitabu kisicho na vipande hivyo ni bora.

Maandishi ya kitabu cha umri huu hayana umuhimu mkubwa, kwa sababu husomi maandishi. Mtoto akitazama picha ya kiatu, sema jina ndani ya sentensi tatu tofauti: "Kiatu hicho. Kiatu cha nani? Tukivae kiatu." Kisha nyamaza. Hesabu polepole hadi tano. Walezi wengi hukosea hapa, hujaza kimya kwa swali jingine kabla mtoto hajapata nafasi. Akitoa sauti yoyote, hata "da", mjibu mara moja kwa neno, tabasamu au mguso. Michael Goldstein na wenzake walijaribu hilo mwaka 2003 na watoto wa miezi 8. Mama walioitikia papo hapo kila mtoto alipobwabwaja walisababisha watoto watoe silabi zilizokamilika zaidi ndani ya kipindi hichohicho. Watoto wa kundi la pili walipata tabasamu na miguso ileile kwa kiasi kilekile, ila kwa wakati usiohusiana na sauti zao, na hawakubadilika.

Kitabu kimoja kirudiwe. Kuchoka ni kwa mtu mzima.

Kihesabu maneno na orodha za kupimia

LENA ni kinasa sauti kidogo kinachoingizwa kwenye mfuko wa kizibao cha mtoto. Hurekodi hadi saa 16, kisha programu hukadiria maneno ya watu wazima, sauti za mtoto, na zamu za mazungumzo, yaani mmoja anaposikika na mwingine akafuata ndani ya sekunde 5. Huonesha pia muda wa sauti za runinga na redio. Hakielewi kinachosemwa. Hutumika zaidi na watafiti na programu za kusaidia wazazi kuliko na mnunuzi mmoja mmoja.

Uzuri wake ni kwamba kinahesabu zamu. Udhaifu wake unaanzia hapohapo: hesabu ya zamu ina makosa zaidi kuliko hesabu ya maneno. Programu ilifundishwa kwa rekodi za Kiingereza cha Marekani. Watu wakisema kwa pamoja, kipande hicho huachwa, na kaka wa miaka 4 anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mtoto mwenyewe. Kwenye nyumba yenye watoto wanne na redio, chukua namba zake kama mwelekeo. Linganisha siku ya nyumba hiyo na siku nyingine ya nyumba hiyohiyo, usilinganishe na jedwali la watoto wa kwingine. Ukikivalisha siku ya wageni, matokeo ni ya wageni.

Kilicho cha bei nafuu zaidi na cha maana kwa mzazi ni orodha ya MacArthur-Bates, ambayo mzazi huweka alama maneno ambayo mtoto anaelewa na anayoyasema. Fomu ya kwanza ni ya miezi 8 hadi 18 na ina ishara za mikono pia. Ya pili ni ya miezi 16 hadi 30. Tumia toleo lililotengenezwa kwa lugha ya mtoto, si tafsiri ya Kiingereza. Lipo la Kiswahili, lililoandaliwa Kenya pamoja na la Kigiriama, na lilitengenezwa lifanyike kwa mahojiano ili hata mzazi asiyesoma alitumie. Kosa la kawaida ni kuhesabu neno ambalo mtoto amelirudia mara moja baada ya kuambiwa. Hesabu analolisema mwenyewe, kwa kitu kilekile, hata akilitamka nusu: "kobe" kwa kikombe ni neno kamili ikiwa kila mara anamaanisha kikombe.

Kuna hali ambayo hakuna bidhaa kati ya hizi itakayosaidia, nayo ni masikio. Mtoto ambaye hajaanza mfululizo kama "ba-ba-ba" au "da-da-da" kufikia miezi 10, asiyegeuka akiitwa jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole karibu na mwaka, au asiye na neno kufikia miezi 18, apelekwe kupimwa usikivu kabla ya kununuliwa chochote. Midoli yenye taa huficha tatizo hili vibaya sana, kwa kuwa mtoto hugeukia mwanga na familia ikaamini amegeukia sauti. Funika taa kwa kitambaa, simama nyuma yake nje ya macho yake, na bonyeza. Asipogeuka baada ya kurudia kwa siku tofauti, nenda kliniki. Akigeuka, bado hicho si kipimo cha hospitali, kwa sababu mtoto anaweza kusikia ngoma ya mdoli na asisikie s.